Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Wahenga wetu walipotuachia usemi kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walikuwa na habari ya mhunzi wa kijijini, fuawe lake na mvukuto wake. Hawakuwa na habari ya piano wala ya kumbi za muziki za Ulaya na Marekani. Hata hivyo, sisi hatujapata kuona maisha ya mtu yaliyoupima usemi huo kwa ukali kama maisha ya Leon Fleisher, mpigaji piano wa Marekani aliyefariki dunia mjini Baltimore tarehe 2 Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 92.

Twasema yaliyoupima, wala hatusemi yaliyouthibitisha. Usemi huu hutamkwa kwa wepesi sana na mtu ambaye koleo lake ni zima. Ni rahisi kumwambia jirani aliyekatwa vidole na mashine ya mbao kwamba maisha yangaliko, kisha tukaenda zetu nyumbani kula chakula kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo leo tungependa kuyatazama maisha ya fundi mmoja mkubwa, tupate kuuliza swali ambalo usemi wenyewe haukulijibu: uhunzi ukiendelea baada ya koleo kuvunjika, ni nani hasa anayeufanya uendelee?

Kazi yenyewe

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wanaifahamu piano kwa kuiona tu kanisani au shuleni. Piano kubwa ya tamasha ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na kila kibao huinua nyundo ndogo inayopiga nyuzi za chuma ndani ya sanduku. Mpigaji wa muziki wa kale wa Ulaya huketi mbele ya chombo hicho peke yake kwa muda wa saa moja na nusu au zaidi, na kwa desturi hana karatasi mbele yake. Maelfu kwa maelfu ya sauti ameyahifadhi moyoni. Akipiga koncheto huwa na okestra nzima nyuma yake, watu 60, 80 au zaidi, naye hana budi kushindana nao na kupatana nao kwa wakati uleule.

Maisha ya mtu huyo ni ya msafiri. Mikataba hutiwa sahihi mwaka mmoja au miwili mapema. Leo yu London, wiki ijayo yu Chicago, mwezi ujao yu Tokyo. Mpigaji wa udi wa Unguja hubeba udi wake mwenyewe, anaujua kama anavyomjua mwanawe. Mpigaji piano hawezi. Kila mji humwekea chombo kingine, kigeni kwake, naye hupewa saa chache tu za kuzoeana nacho. Katika kazi hiyo yote kitu kimoja tu ndicho anachotembea nacho kutoka mji hadi mji, nacho ni mikono yake miwili. Tumeona vyema tulieleze jambo hili mapema, ili msomaji ajue ni mali gani iliyopotea.

Silsila ya walimu

Leon Fleisher alizaliwa mjini San Francisco tarehe 23 Julai 1928. Wazazi wake walikuwa Mayahudi waliohama Ulaya ya Mashariki; baba alitoka Odessa, naye alikuwa fundi wa kofia. Mama alikuwa amekata shauri kuhusu mustakabali wa mwanawe: ama atakuwa Rais wa Marekani, ama atakuwa mpigaji piano mashuhuri. Mtoto alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka minne, na alipofika miaka minane alikuwa amekwisha kupiga hadharani.

Wakati huo aliishi bwana mmoja aliyeitwa Artur Schnabel, ambaye wengi walimhesabu kuwa mfasiri mkubwa kuliko wote wa kazi za Beethoven. Schnabel hakuwa akiwapokea watoto. Lakini marafiki wa familia ya Fleisher walipanga hila: walimkaribisha mzee huyo kwa chakula cha jioni, na wakati wenyeji na mgeni wako mezani, mtoto aliingizwa nyumbani na kuketishwa mbele ya piano. Schnabel alipotoka mezani alimkuta pale, hakuwa na njia ila kumsikiliza. Alimsikiliza, akamkubali, lakini kwa sharti moja: mtoto huyu asipige tena mbele ya watu kwa ajili ya tamasha. Ajifunze kwanza. Mwaka 1938, akiwa hajatimiza miaka kumi, alipelekwa Italia, kando ya ziwa Como, kwenda kukaa chini ya mwalimu.

Wanachuoni wa mwambao wetu wanapotaja elimu yao hutaja pia silsila: nimesoma kwa fulani, naye kasoma kwa fulani. Wapigaji piano nao wana silsila zao. Fleisher alisoma kwa Schnabel. Schnabel alisoma mjini Vienna kwa Theodor Leschetizky. Leschetizky alisoma kwa Carl Czerny. Na Czerny alisoma kwa Beethoven mwenyewe. Mtoto wa fundi wa kofia alikuwa ameketi katika daraja la tano kutoka kwa yule aliyeziandika kazi zile.

Katika silsila hiyo kuna kisa kimoja ambacho twamwomba msomaji akiweke akilini, maana tutakirudia. Inasimuliwa kwamba Leschetizky alimwambia Schnabel alipokuwa angali kijana kuwa yeye hatakuwa mpigaji piano kamwe, kwa sababu yeye ni mwanamuziki. Kwa masikio yetu maneno hayo ni kama kumwambia mtu kuwa hatakuwa mvuvi kwa kuwa anajua bahari. Lakini mwalimu alikusudia kusema jambo la maana: upigaji ni kazi ya vidole, na muziki ni kitu kinachotangulia vidole.

Miaka ya neema

Mwezi Novemba 1944, Fleisher akiwa na umri wa miaka 16, alisimama katika ukumbi wa Carnegie mjini New York pamoja na okestra ya Philharmonic ya mji huo, chini ya kiongozi Pierre Monteux. Alipiga koncheto ya kwanza ya Brahms, kazi nzito inayowatoa jasho watu wazima. Monteux alimsifu kuwa ni mmoja wa wale ambao hupatikana mara moja katika karne. Hayo ni maneno makubwa kumwambia kijana wa miaka 16, na miaka iliyofuata ilimfunza kwamba sifa si mkataba. Msimu baada ya msimu mialiko ilipungua. Mwaka 1950 akahamia Paris, kijana wa miaka 22 ambaye tayari alikuwa akisemwa kwa wakati uliopita.

Mwaka 1952 aliingia katika mashindano ya Malkia Elisabeth mjini Brussels, mojawapo ya mashindano magumu kuliko yote katika fani hiyo, akatoka wa kwanza. Hakuna Mmarekani aliyewahi kuyashinda mashindano hayo kabla yake. Kuanzia siku hiyo milango ilifunguka. Alizunguka Ulaya na Marekani zote mbili. Alirudi kwao, akafungamana na George Szell, kiongozi mkali wa okestra ya Cleveland, na wakati wa mwisho wa miaka ya hamsini na mwanzo wa miaka ya sitini wawili hao walizitia katika santuri koncheto zote tano za Beethoven na mbili za Brahms. Santuri hizo zingali zinauzwa hata leo, na wajuzi wengi wa fani hii wanaziweka miongoni mwa zilizo bora kabisa. Mwaka 1959 alikubali pia kazi ya ualimu katika chuo cha muziki cha Peabody mjini Baltimore. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa ni nyongeza tu. Hakujua kuwa ndiyo itakayokuja kuwa paa juu ya kichwa chake.

Koleo linavunjika

Mwaka 1964 Fleisher alikuwa na umri wa miaka 36. Szell alikuwa akijiandaa kuipeleka okestra yake katika ziara kubwa ya Umoja wa Kisovieti mwaka uliofuata, na Fleisher ndiye aliyetarajiwa kuwa mpigaji wake. Katika siku hizo alianza kuhisi uvivu katika kidole kimoja cha mkono wa kulia. Alifanya lile ambalo fundi yeyote mwenye bidii angelifanya: aliongeza mazoezi. Uvivu ukazidi, naye akaongeza mazoezi. Baada ya miezi kadhaa kidole cha nne na kidole cha mwisho vya mkono wa kulia vilikuwa vikijikunja vyenyewe kuelekea kiganjani kila alipoviweka juu ya vibao, na hakuna nguvu ya nia iliyoweza kuvinyoosha.

Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alikuwa akifanya mazoezi kupita kiasi na bila busara, akivitumikisha vidole kwa saa nyingi ilhali mwili ulikuwa umekwisha mpa onyo. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Na katika kazi hii wafichaji ni wengi, maana mpigaji anayejulikana kuwa mgonjwa wa mkono hapati mkataba. Mwisho Szell, aliyekuwa na sikio lisilodanganywa, alimwambia wazi kwamba hawezi kwenda naye. Ziara ilifanyika bila yake. Mtu aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa Marekani alifungua kitabu chake cha miadi, akaanza kufuta.

Alizunguka kwa madaktari, na hakuna aliyeweza kulitaja jina la ugonjwa. Alijaribu dawa, sindano, kukandwa, na hata waganga wa kutia watu usingizi. Ndoa yake ilivunjika. Alifuga ndevu na nywele ndefu, akanunua pikipiki ya Vespa, na kama alivyosimulia baadaye bila kuficha, zilifika siku ambazo aliona hakuna haja ya kuendelea kuishi. Hatuyataji haya kwa kutafuta kumsikitisha msomaji. Twayataja kwa sababu wale wanaopenda kunukuu usemi wa koleo huyaruka, wakaenda moja kwa moja kwenye ushindi. Baina ya koleo kuvunjika na uhunzi kuendelea kuna usiku, na usiku huo kwa Fleisher ulichukua takriban miaka miwili.

Urithi wa mkono mmoja

Alipoanza kuinuka alikuta kwamba kulikuwa na mtu aliyemtangulia katika njia hiyo. Huyo alikuwa Paul Wittgenstein wa Vienna, aliyeanza kupiga hadharani mwaka 1913, na mwaka uliofuata akaenda vitani. Huko upande wa Urusi alijeruhiwa, akakatwa mkono wa kulia, akachukuliwa mateka hadi Siberia. Inasimuliwa kwamba kambini alichora vibao vya piano juu ya sanduku la mbao, akawa anafanya mazoezi ya mkono wa kushoto juu ya chombo kisichotoa sauti. Aliporudi kwao alitumia mali ya baba yake, iliyotokana na viwanda vya chuma, kuwaagiza watunzi wakubwa wa wakati ule wamtungie kazi za mkono wa kushoto peke yake. Ravel wa Ufaransa alimtungia, Prokofiev wa Urusi alimtungia, Britten wa Uingereza alimtungia, na wengine kadhaa.

Ile ya Ravel, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1932, ndiyo iliyo bora kuliko zote. Asiyeona hawezi kuamini kuwa ni mkono mmoja unaopiga. Siri yake iko katika mambo mawili. La kwanza ni kidole gumba: mkono wa kushoto ukilala juu ya vibao, gumba ndilo linalokuwa upande wa sauti nyembamba, kwa hiyo ndilo linalochukua wimbo, na vidole vingine vinne vinashika sauti nene za chini. La pili ni mguu: mpigaji akikanyaga pedali, sauti ya chini huendelea kulia hata baada ya mkono kuiacha na kurukia upande wa pili. Mkono huwa safarini daima, na sikio la msikilizaji hudanganyika likadhani wako watu wawili.

Kazi hiyo ilimpatia Fleisher tena tiketi ya ndege na jina lake ukutani. Kwa muda wa miaka 30 alizunguka dunia akiwa mpigaji wa mkono mmoja, akapiga kazi za Ravel, Prokofiev na Britten mahali pengi, na watunzi wapya wakamtungia nyingine. Alijifunza pia kuongoza okestra. Kuanzia 1970 hadi 1982 aliiongoza okestra ya Annapolis. Kuanzia 1986 hadi 1997 alikuwa mkuu wa sanaa katika kituo cha mafunzo cha Tanglewood, ambako vijana wa okestra hukusanyika kila majira ya joto.

Lakini sisi twaona kuwa jambo kubwa zaidi lilitokea ndani ya chumba cha darasa. Zamani, mwanafunzi akikosea, Fleisher alikuwa akimsogeza kando na kumwonyesha kwa mkono wake mwenyewe: piga hivi. Sasa mkono wa kuonyeshea haukuwapo. Ilimbidi atafute maneno. Ilimbidi aeleze kwa nini sauti hii inaelekea kule, kwa nini kimya hiki kina uzito, wimbo huu unapumulia wapi. Ilimbidi kwanza ajue mwenyewe yale ambayo vidole vyake vilikuwa vikiyajua bila kumwambia. Kutoka katika chumba hicho walitoka wapigaji waliojulikana dunia nzima, akiwamo André Watts, mwana wa askari Mmarekani mweusi na mama wa Kihungari, aliyepata umaarufu mwaka 1963 akiwa na miaka 16, kisha akaona kuwa umaarufu hautoshi, akaja kusoma; na Yefim Bronfman, na Jonathan Biss, na wengine wengi. Hapo ndipo kile kisa cha Leschetizky kinapopata maana yake. Mpigaji piano alikuwa amevunjika; mwanamuziki alikuwa bado yuko, na huenda alikuwa amekua.

Makofi yasiyo na haki

Mwezi Septemba 1982 mji wa Baltimore ulifungua ukumbi mpya wa okestra, ukaitwa Meyerhoff. Ilitangazwa kwamba Fleisher atarudi siku hiyo kupiga kwa mikono miwili. Alipiga kazi ya César Franck, kamera za televisheni zikiwaka, na watu wakasimama wakampigia makofi hata wengine wakalia machozi. Magazeti yaliandika habari za muujiza. Yeye mwenyewe alijua kuwa mkono haujapona. Alikuwa amefika mwisho wa kazi ile kwa ujanja na ushujaa, na alipotoka jukwaani hakuona fahari. Akarudi kimya kimya kwenye mkono wa kushoto.

Twakitaja kisa hiki kwa sababu kinatuhusu sisi wa magazeti. Umma unapenda sana hadithi ya mgonjwa aliyepona, na waandishi tunapenda kuiuza. Ni mara ngapi tumempiga picha mtu aliyepewa kigari cha magurudumu au cherehani, tukaandika kuwa sasa matatizo yake yamekwisha, wala hatukurudi kumwuliza mwaka wa pili? Makofi ya mapema humfunga mtu mdomo. Baada ya kushangiliwa kwa kupona, atasema vipi kwamba bado anaumwa?

Jina la ugonjwa

Ugonjwa wake hatimaye ulipatikana na jina: distonia. Kwa kweli si ugonjwa wa mkono. Ndani ya ubongo kila kidole kina mahali pake pa kuamrishwa; lakini kwa mtu anayerudia mwendo uleule mdogo mara maelfu kwa miaka mingi, mipaka ya mahali hapo huweza kuchanganyika, na amri iliyokusudiwa kidole kimoja ikavifikia viwili au vitatu. Mara nyingi hakuna maumivu. Mkono huohuo unaweza kushika kikombe na kufunga vifungo vya shati. Ukiwekwa kwenye kazi yake ya kila siku tu ndipo unapoasi. Hukadiriwa kwamba katika kila wanamuziki 100 wa kulipwa, mmoja hivi hupatwa nao, na wengi wao huficha. Matabibu wengi wa leo wanashuku kuwa ndio uliomharibia vidole mtunzi Robert Schumann katika karne ya 19. Ndugu zake ugonjwa huu wamejulikana zamani miongoni mwa makarani waliokuwa wakiandika kwa kalamu mchana kutwa, wakafika mahali ambapo kalamu haishikiki tena.

Katika miaka ya tisini Fleisher aliingia katika majaribio ya tiba kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, karibu na Baltimore. Walichomtilia mkononi kilikuwa ni sumu, ileile ya bakteria wanaoharibu vyakula vya makopo na kuua watu kwa kuwapoozesha, lakini kwa kipimo kidogo mno. Leo dunia nzima inaiita botoksi, na wengi wanaijua kwa kuondoa makunyanzi usoni. Ikitiwa katika msuli unaokaza bila kuamrishwa, huulegeza kwa muda wa miezi michache, kisha sindano hurudiwa. Pamoja na kukandwa sana ili misuli iliyoshikana iachane, tiba hiyo ilivinyoosha vidole vyake kiasi cha kuweza kupiga. Yeye mwenyewe hakuchoka kusema kuwa hakupona. Alipewa nafuu tu, na kila mara alipoketi kwenye piano ilimbidi awe macho na vidole vile viwili kama mtu anayelala na paka mwizi jikoni.

Mwaka 2004, miaka 40 baada ya mkono kufunga, alitoa rekodi aliyoiita Mikono Miwili. Ndani yake aliweka vipande vya Bach, Scarlatti, Chopin na Debussy, na mwisho ile sonata ndefu ambayo Schubert aliiandika mwaka 1828, mwaka uleule wa kifo chake. Si rekodi ya kijana mwenye vidole vya radi. Ni ya mzee wa miaka 76 ambaye hapotezi sauti hata moja kwa majivuno. Filamu fupi ya jina hilohilo juu ya maisha yake iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar.

Jambo jingine lilitokea Desemba ya mwaka huohuo wa 2004. Miongoni mwa watunzi ambao Wittgenstein aliwaagiza kazi alikuwamo Paul Hindemith wa Ujerumani. Hindemith aliikamilisha yake mwaka 1923, lakini Wittgenstein hakuipenda, akaifungia, wala hakuipiga maishani mwake. Iligunduliwa miongoni mwa vitu vilivyoachwa na mjane wake, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha Wittgenstein mwenyewe. Alipotafutwa mtu wa kuipiga kwa mara ya kwanza mjini Berlin, pamoja na okestra ya Philharmonic ya huko, aliyeitwa ni Fleisher. Kwa hiyo katika mwaka uleule aliorudishiwa mkono wa kulia mbele ya dunia, alikwenda kuutumikia ule wa kushoto. Hakuutupa mtumbwi uliomvusha.

Nani aliyeulinda moto?

Sasa na tulirudie swali letu. Ni nani aliyeufanya uhunzi uendelee? Jibu la haraka ni kwamba ni moyo wa mhunzi mwenyewe, nasi hatuna nia ya kuupunguza moyo huo hata kidogo. Lakini tukiyatazama maisha haya kwa makini twaona kuwa mhunzi hakuwa peke yake tanurini. Koncheto aliyoipiga ilikuwapo kwa sababu mlemavu mwingine, miaka 35 kabla yake, alikuwa na mali ya kuiagiza. Mshahara uliomlisha ulikuwapo kwa sababu chuo cha Peabody hakikumwambia kuwa mwalimu wa piano asiyeweza kupiga hana faida tena. Kilimweka, naye akakitumikia kwa zaidi ya miaka 60, tangu 1959 hadi kifo chake. Na sindano ile ilikuwapo kwa sababu serikali ilikuwa imetumia fedha ya umma kuchunguza ugonjwa ambao si wa wengi. Koleo lilivunjika, lakini palikuwa na watu walioulinda moto usizimike.

Ndipo twamfikiria fundi cherehani wa mtaani kwetu ambaye dole gumba lake limeanza kufa ganzi, na mpiga kanuni wa kikundi cha taarabu anayeona vidole vinakosa nyuzi, na mpiga chapa, na mchonga vinyago, na mama anayesuka ukili tangu alfajiri. Wao nao hutembea na mali moja, nayo ni mikono. Je, akinyamaza na kuongeza bidii, kuna anayemwambia apumzike? Akisema, atasikilizwa au atapoteza wateja? Na mkono ukikataa kabisa, kuna chuo, chama au karakana itakayomwambia: kaa hapa, mkono wako umechoka lakini ujuzi wako haukuchoka, wafundishe hawa vijana? Mara nyingi, twasikitika kusema, tunamwachia usemi wa wahenga na kumtakia heri.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, wenye kuishi kwa mikono wasione aibu kusema mapema kuwa mkono unauma au unaasi. Bidii isiyosikia onyo la mwili ilimgharimu Fleisher miaka 30. Pili, waajiri na vyama vya mafundi na vikundi vya sanaa vijue kuwa fundi aliyeumia ni hazina, kwa sababu ujuzi ambao vidole vilikuwa vimeuficha sasa hauna budi kutoka kwa mdomo, na unaotoka kwa mdomo ndio unaorithiwa. Tatu, sisi waandishi na nyinyi wasomaji tusiwe wepesi wa kupiga makofi kwa muujiza na wazito wa kukaa na mtu katika usiku wake.

Wahenga hawakukosea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi hawezi kushika chuma cha moto kwa mkono mtupu, hata awe na moyo wa namna gani. Wakati anapotafuta koleo jingine, wajibu wa jirani ni kuufukuta mvukuto.